Breki za Tela Zilikataa, Mume Wangu Akaninyooshea Mimi Kidole

Admin, jina langu lifiche. Si kwamba naogopa, ila kesho nina jambo na sitaki mtu anitibulie. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, naishi Igoma hapa Mwanza. Ni fundi umeme wa magari. Ndiyo, mwanamke. Anayeshangaa ashangae upesi tuendelee.

Mume wangu, nimwite Baba Neema, ana gereji. Yeye ni fundi injini, mambo ya umeme alikuwa ananiachia mimi. Mwaka jana mzee mmoja wa Nansio alituletea tela la kubebea boti, mtumba wa kutoka nje, lenye breki za umeme. Kwa msiojua, magurudumu ya tela kama hilo yana sumaku ndani. Dereva akikanyaga breki, kiboksi kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme nyuma, sumaku zinavuta, tela linajizuia lenyewe. Umeme usipofika vizuri, mzigo wote unaisukuma gari kwenye mteremko.

Mzee alikuwa amelipaka tela lake rangi ya bluu, linang'aa, kwa sababu mchungaji alikuwa anakuja kuiombea boti. Nikamwambia mume wangu, "Huu waya wa hasi umefungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Ngoja nikwangue hapa kwenye boli mpaka chuma kionekane." Akaniwakia, "Unataka kumkwaruzia mzee wa watu tela siku ya maombi? Acha hivyo hivyo!" Nikaacha. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Wakaombewa, wakaondoka. Kwenye mteremko wa kwenda mwaloni, kule boti zinakoshushwa ziwani, breki za tela hazikushika, likaisukuma pikapu mpaka ikavaa ukuta. Dereva alivunjika mkono, boti ikapasuka ubavu. Watu wakajaa. Mzee akauliza nyaya alifunga nani. Jamani, baba wa watoto wangu akaninyooshea kidole. "Ni huyu mke wangu. Nilimhurumia nikampa kazi. Mwanamke na umeme wapi na wapi!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama akasema, "Mwanangu, mkono wako ulitaka kuua mtoto wa mwenzio." Maneno hayo nalala nayo, naamka nayo.

Nyumbani mume wangu akasema eti alikuwa anatetea ugali wetu. Nikamsihi anipe dakika kumi tu nikwangue ile boli nimwonyeshe, akakataa. Akanihamishia duka la mbele ya gereji nikauze vipuri. Igoma nzima wakaniita Mama Breki. Nikipita kwa wauza nyanya, vijana wa bodaboda wanajifanya wanafunga breki, kriiiii, halafu wanaangua kicheko.

Sasa sikieni dharau yenyewe. Wateja wenye matela wanaendelea kuja, na yeye umeme haujui. Anazunguka nyuma ya choo, ananipigia simu kwa kunong'ona: "Mke wangu, taa ya kiboksi inawaka ila gurudumu la kushoto halishiki, nianzie wapi?" Namwelekeza. Anarudi kifua mbele, "Nimeshagundua!" Wanamwita injinia. Neno "mke wangu" nalisikia akikwama tu.

Mwezi uliopita nikasema leo utanitambua. Alinipigia kuhusu tela moja, nami nilijua kabisa kwamba plagi yake imeingia kutu. Nikamwambia afungue magurudumu yote manne. Alishinda juani toka asubuhi mpaka saa tisa, grisi mpaka masikioni, na mimi dukani nakunywa chai na mihogo. Sijawahi kunywa chai tamu vile.

Basi, mzee wa Nansio amerudi na boti mpya. Tela ni lile lile, limenyooshwa na kupakwa rangi upya. Sharti lake moja: "Yule mama asiliguse." Baba Neema akaapa atafunga kila waya kwa mkono wake. Juzi alipotoka kununua tairi, nikapiga jeki gurudumu, nikalizungusha, nikabonyeza kishikio cha kiboksi cha kujaribia breki. Likaendelea kuzunguka taratibu kama halijaambiwa kitu. Nikainama kuangalia boli. Waya wa hasi uko juu ya rangi! Huyu mwanaume amesema uongo wake mpaka ameuamini mwenyewe, kwamba tatizo lilikuwa mkono wangu.

Sikugusa kitu. Nikashusha jeki, nikarudi dukani.

Kesho asubuhi ndiyo maombi. Tela halitatoka getini likiwa hivyo, naapa kwa watoto wangu, mimi si muuaji. Mpango wangu ni kusimama mbele ya mchungaji, mzee, yule dereva na majirani wote, niseme: "Kabla ya amina, injinia apige jeki gurudumu tulione linavyoshika." Lisiposhika, nimwambie alitengeneze. Akikodoa macho, nitoe kipande changu cha msasa, nikwangue boli, gurudumu likabe paa! Kisha nimgeukie mzee nimuulize mkono uliotaka kuua ni wa nani.

Nilimdokeza mama mkwe. Akasema, "Mkamwana, mume havuliwi nguo hadharani." Nikamuuliza, "Na mke je, mama?"

Nikiwa naandika hapa, simu inaita kwa mara ya tatu. Ni yeye. Sasa ametuma ujumbe: "Mke wangu, breki za tela la mzee zinashika kwa kusinzia, niangalie wapi? Pokea basi." Nikipokea, atakwangua mwenyewe usiku huu, na kesho mzee atamkumbatia yeye, mimi nibaki Mama Breki hadi kaburini. Nisipopokea, kesho ndoa yangu inaweza kuvunjikia pale pale getini.

Msasa uko kwenye pochi na simu inaita tena. Ndugu zangu, nipokee au niiache iite?