Uji na Jina la Milembe

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, uani kwetu Igogo, asubuhi ile mdogo wangu alipobadilishwa jina, tulikuwapo watano. Alikuwapo Bibi Kabula, mama wa baba yangu, ameshika kijiko cha uji. Alikuwapo mama, Tereza. Alikuwapo baba mdogo Masanja. Nilikuwapo mimi, Fabiani. Na mapajani kwa bibi alikaa mwenyewe, Milembe, hajatimiza miaka miwili.

Ulaji wa Milembe haukueleweka. Leo angemaliza bakuli na kulilia jingine. Kesho angefumba midomo kabisa. Wiki ile aliukataa uji kila asubuhi. Kwetu Wasukuma, mtoto akigoma kula, wazee walisema yupo marehemu anayetaka jina lake lirudi.

"Mama, labda ana minyoo," mama alimwambia bibi.

"Minyoo haigeuzi uso, mke wa mwanangu. Anayegeuza uso ni mtu."

"Basi na mimi jana niliugomea mlenda," alidakia baba mdogo. "Nipeni jina la mtemi."

Mama hakucheka. Milembe lilikuwa jina la marehemu mama yake mzazi, na hakuwa na binti mwingine wa kumpa.

Kila asubuhi bibi aliita jina moja la marehemu wa ukoo wake, akasogeza kijiko. Siku ya kwanza mtoto aligeuza uso. Ya pili vilevile. Ya tatu, ndiyo hiyo ninayoisema, aliita, "Nyanzala!" Lilikuwa jina la marehemu dada yake bibi. Mtoto akafungua kinywa, akala mpaka akalamba kijiko. Bibi alipiga vigelegele. Mama aliingia ndani.

Mimi nilijua. Wiki ile, kila kulipokucha, ili mtoto anyamaze nicheze gololi, nilimlisha matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kutoka chungu cha bibi. Asubuhi ya tatu chungu kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa na njaa tu.

Nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Umri wa fimbo ulipita, nikaendelea kunyamaza. Mama hakulitamka jina lile jipya. Hadi anakufa alimwita "binti yangu".

Mwezi uliopita nilikwenda kwa dada yangu, Mkolani, nimeazimia kumwambia. Kitukuu wake alikuwa anatema wali.

"Kaka, huyu naye tumtafutie jina," alisema akicheka. "Mimi aliyeniokoa ni Nyanzala."

"Labda," nilijibu, nikanywa chai yangu.

Majina nimeyaandika hapa kama yalivyokuwa. Dada yangu Nyanzala, aliyezaliwa Milembe, alifariki Jumapili iliyopita.