Gemu ya Nyumba ya Pili

Nilikuwa nachambua karafuu mwanangu aliponipa gemu yake ya mkononi, yenye michezo ile ya zamani ya kutungua madude yanayoshuka kutoka juu. Vidole vikanata kwenye vitufe, harufu ya karafuu ikapanda, nikarudi utotoni.

Miaka ile vyama vingi vilitugawa. Jirani zetu walikuwa chama kingine, kwa hiyo hatukununua dukani kwao, wala hatukuzikana. Lakini binti yao alikuwa na gemu kama hii. Siku moja niliacha karafuu mkekani, nikavuka njia mchana kweupe, nikakaa naye barazani kwao.

"Babaako hajakukataza?" akaniuliza.

"Kanikataza. Lete."

Baba akaja, akasimama njiani. Alikuwa kaapa kwamba hakanyagi pale.

"Ondoka hapo!"

"Siondoki, baba. Njoo unitoe."

Hakuja. Nikacheza mpaka betri zikaisha.

"Mama, nani kakufunza kucheza hivi?" mwanangu ananiuliza.

Babu yake yuko barazani, kaipa mgongo nyumba ile. Najibu kwa sauti, asikie vizuri.

"Bibie wa nyumba ile pale. Nenda kamwite, aje tucheze."