Sauti Niliyoikimbia Garbatulla

Mwanangu, upo mchana mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka wa ukame, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Keti nikusimulie, maana juzi nilikusikia ukimuulizia msichana mmoja: "Ni wa kabila gani? Anafanya kazi gani?" Jina lake hukuliuliza. Sikulaumu. Mimi nilifanya vibaya zaidi.

Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja ya serikali kule Garbatulla. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta na kukaa kwenye redio, ile ya kubonyeza na kusema, ukimaliza unasema "ova", niwasomee watu wa Isiolo habari za mifugo na mvua kila asubuhi. Upande wa pili alikuwa msichana aitwaye Sadia. Redio ile ilinguruma kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, na sauti yake ilitokea ndani ya mngurumo polepole, kana kwamba anakuja kwa miguu kutoka mbali sana. Kiborana chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyezaliwa nacho.

Tulianza na salamu tu. Baadaye tukawa tunaongea hadi betri inachoka. Kwa miezi minane sikumwona, basi nikamtengenezea sura kichwani mwangu: binti wa Kiborana, mrefu, mweusi wa kung'aa, wa ukoo unaojulikana. Na mimi nikajitengenezea yangu. Nilimwambia mimi ni bwana mifugo. Niliona msichana wa ofisini hawezi kumtazama mtu anayenuka dizeli.

Mama yangu aliishi Bulla Pesa, mtaa wa hukohuko Isiolo, peke yake. Nikamwomba Sadia awe anampelekea salamu zangu, naye akawa anakwenda kila Ijumaa. Siku moja akaniambia kwenye redio huku akicheka, "Mama anasema ukija, uje na ng'ombe. Ova." Nilielewa ni ng'ombe wa mahari. Sikuwahi kumuuliza mama msichana anafananaje, na mama hakuona sababu ya kunieleza.

Kisha redio ikafa. Siku mbili nzima nilibonyeza, nikaita, nikasikia upepo tu. Siku ya tatu, karibu adhuhuri, nilishuka hadi laga, ule mto mkavu nje ya mji, kutafuta punda wa ofisi aliyekuwa amepotea. Kando ya laga ile, karibu na barabara ya malori, kuna makaburi ya zamani, marundo ya mawe tu, na wazee wa pale walikuwa wametuonya: ukisikia jina lako likiitwa pale jua likiwa utosini, usiitikie, usigeuke.

Punda nilimkuta amesimama wima, masikio mbele, anatazama makaburi. Hakuwa anatafuna. Upepo ulikuwa umekatika, hata nzi hawakusikika. Nikamshika kamba, nikamkemea kwa sauti, akagoma kutembea.

"Galgalo."

Nilisimama. Mwanangu, sauti ile niliijua kama ninavyoijua ya mama yangu. Ni ile iliyokuwa ikitoka kwenye redio, ila safari hii hapakuwa na mngurumo. Ilikuwa karibu, kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji.

"Galgalo, ni wewe?"

Nikageuka. Kati ya marundo ya mawe alisimama mwanamke amejitanda kama wanawake wetu, lakini uso wake ulikuwa mweupe. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, mikono myeupe. Macho yake yalikuwa na rangi ya majani makavu. Jua lilikuwa juu kabisa, na sikuona kivuli chake. Akainua mkono, akapiga hatua moja kuja kwangu, akafungua mdomo wa Mzungu na Kiborana chetu kikatoka humo.

Sikusubiri neno la pili. Nilimwacha punda, nikakimbia. Nyuma yangu aliita jina langu mara tatu, na kila mara nilikaza mwendo.

Nilifika ofisini bila punda. Ekai, mlinzi wetu Mturkana, akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia jini limeiba sauti ya mtu. Ekai hakucheka. Aliuliza, "Uliangalia miguu yake?" Sikuwa nimeangalia.

 Saa nane hivi, bila mtu kuigusa, redio ikaanza kunguruma. Sauti ya mwanaume ikatokea, ya karani wa Isiolo.

"Garbatulla, Garbatulla. Galgalo, Sadia amefika? Alipanda lori jana kukuletea habari. Mama yako ni mgonjwa sana. Lori linarudi leo, upande nalo. Ova."

 Nilirudi lagani mbio, jua likiniwaka kichwani. Punda alikuwa palepale. Pale katikati ya mawe nilikuta alama za ndala, za mtu wa kawaida, zikizunguka na kuzunguka mahali pamoja, halafu zikaelekea barabarani. Lori lilikuwa limeshaondoka. Vumbi lake bado lilining'inia mbali, na mimi nikasimama nikilitazama hadi likatulia. Ni vumbi hilohilo lililompaka Sadia uso, baada ya kukaa siku nzima juu ya mizigo.

Nilipata gari kesho yake asubuhi. Nilifika Bulla Pesa saa kumi, nikakuta viatu vingi mlangoni. Mama alikuwa amezikwa mchana.

Mama mdogo wangu, Kabale, alinishika mkono akanikalisha. Nikamweleza nilivyomkimbia Sadia nikidhani ni jini. Hakulia. "Yule msichana alirudi jana usiku," aliniambia. "Dada aliuliza, 'Galgalo yuko wapi?' Akamjibu, 'Yuko njiani, mama, anakuja.' Akamshika mkono hadi alfajiri. Sisi wa damu tulikuwa tumesinzia. Sasa wewe niambie, jini ni nani hapa?"

Baada ya siku saba nilikwenda Chechelesi, palepale Isiolo, kwa mama wa Kiborana aliyemlea Sadia. Ndipo nikajua kwamba baba yake alikuwa Mzungu aliyefanya kazi huku wakati wa ukoloni, akaenda zake. Sadia alitoka nje, akasimama langoni. Bila vumbi alikuwa msichana tu, amechoka.

"Ulinisikia?" akaniuliza.

"Nilikusikia."

"Ulijua ni mimi?"

"Sauti niliijua."

"Basi ulikimbia nini?"

Nikamweleza nilichokiona. Akasema, "Na kazi yako, ulidhani siijui? Orodha ya wafanyakazi iko mezani kwangu, Galgalo. Tangu wiki ya kwanza nilijua wewe ni mtu wa jenereta. Nilingoja uniambie mwenyewe. Sikukuona mdogo hata siku moja."

Nilimwomba msamaha. Alinisamehe, wallahi, kwa moyo mmoja. Lakini alipoanza kufunga lango alisema, "Siwezi kuolewa na mtu ambaye nitakuwa nikijiuliza kila asubuhi anaona nini akinitazama." Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu, wakahamia Marsabit. Nilikaa miaka tisa kabla ya kuoa.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapokutana na mtu, macho yako yatakimbilia rangi yake, kabila lake, kazi yake, na yatakutungia hadithi kabla hajakaa. Huwezi kuyazuia. Unachoweza ni kusimama hapo hapo ulipo, hata moyo ukidunda, umwache amalize alichokuja kusema. Na yako mwenyewe usiyafiche. Kama mikono yako inanuka dizeli, mpe mkono hivyo hivyo. Labda ameshajua, na anakungoja tu.

Mungu akupe masikio ya kumsikia mtu hadi mwisho. Akupe mwenzi atakayekutazama bila wasiwasi, na wewe umtazame hivyo. Akuongezee umri, azidishe nyumba yako, na mtu akija kwako na habari za mama yako, akukute. Nenda kwa amani.