Nilinunua komiki zote za Inspekta ili Mzee asizione

Wakuu, kaeni vizuri. Hapa sijaongeza chumvi, na anayebisha aje Kakamega nimpeleke kwenye duka lenyewe.

Mimi si mtu wa komiki. Niliingia pale kukwepa mvua, na mnajua mvua yetu ya mchana haina adabu.

Ni kaduka kadogo upande wa Amalemba. Mwenyewe ni dada anaitwa Mideva, anachora na anauza. Nikaanza kupekuapekua nikijifanya mteja. Majini, mashujaa wamevaa chupi juu ya suruali, mapenzi ya campus. Nikawa nacheka kimoyomoyo, kumbe watu wazima wananunua hizi vitu!

Halafu nikafungua moja inaitwa "Fahali Aliyekimbia".

Wakuu, yule ng'ombe nilimjua. Pembe ya kushoto imeinama. Alikuwa marehemu Inspekta, fahali wa babangu.

Kwa wageni: huku kwetu tunapiganisha mafahali, na mwenyewe husimama nyuma ya fahali wake akimpigia kelele. Fahali husikiliza hiyo sauti. Akikimbia, ukoo mzima unatembea kichwa chini.

Sasa Mzee wangu, kila matanga, kila harusi, lazima asimame aseme Inspekta hakuwahi kumwonyesha mtu mkia. Mimi siku ya pigano la mwisho nilikuwa boarding, nikameza hiyo story mzima mzima.

Kwenye komiki, Inspekta anapita katikati ya meza ya mandazi. Mzee yuko juu ya mpera, amebaki na gumboot moja.

Nikamuuliza Mideva hii ameitoa wapi.

"Nilikuwa hapo, bro. Hizo mandazi zilikuwa za mathe wangu. Na mbona unatoa jasho na kuna baridi?"

Niliogopa kweli. Mzee amezeeka, na heshima yake yote imebaki kwa huyo ng'ombe. Nikanunua nakala zote, nikazificha nyuma ya gunia la mahindi. Nikajiona genius.

Wiki iliyofuata tukaenda town na Mzee kutafuta mbolea. Kumbe Mideva alipoona kitabu kimeisha, alichapisha zaidi, akabandika na poster kubwa mlangoni. Inspekta mkia juu, Mzee juu ya mti.

Mzee akasimama. Akaangalia weee. Akaingia. Nikatamani ardhi inimeze.

"Ni wewe ulichora hii?"

"Ni mimi, Baba. Watu wanaipendanga sana."

"Ni uongo. Ng'ombe yangu haikuwa mwoga. Mimi ndiye nilikimbia kwanza. Nilipanda mti, akakosa sauti yangu huko nyuma. Hapo alikuwa ananitafuta. Chora hiyo."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Miaka yote hiyo nilidhani Mzee analinda jina lake.

Mideva akachukua penseli. Mzee akavuta stuli, akaanza kumwelekeza pembe inainama vipi. Mbolea tulisahau.

Somo nililopata: ukitaka kuficha kitabu, usikinunue.

Wenye wazee kama wangu, hebu shusheni zenu hapo chini. Na kama kuna anayetaka ile ya kwanza, yenye makosa, ninazo nyingi nyuma ya gunia.