Mama Amesahau Lugha Aliyonilea Nayo

(Msomaji huyu wa kando ya Ziwa Mweru ametuomba tusichape jina lake wala la kijiji chake. Maneno ni yake mwenyewe.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mke wa mvuvi, mama wa watoto wanne. Naishi karibu na Kashikishi, nakausha samaki na kuwauza. Nawaandikia kwa sababu ya mama yangu mzazi. Yuko hai, anakula, anatembea, lakini anapotea mbele ya macho yangu.

Mama alizaliwa ng'ambo, Kongo ya Wabelgiji. Baba alimwoa akiwa msichana akamvusha ziwa. Huku akajifunza Kibemba, akatulea kwa Kibemba, akasali kwa Kibemba. Kiswahili alikitumia sokoni tu, na mimi niliyemfuata sokoni nikakipata hapo. Baba alipofariki, nilimchukua akae nasi.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Alitia chumvi samaki waliokwisha kutiwa chumvi. Aliuliza baba yuko wapi, na nikimwambia alikufa analia kama anayesikia kwa mara ya kwanza, mpaka nikajifunza kusema, "Ameenda ziwani." Kisha Kibemba kikaanza kumtoka. Wajukuu wakimsalimu anawatazama tu. Amebaki na Kiswahili cha utoto wake, na humu nyumbani anayemwelewa ni mimi peke yangu.

Siku moja nilikuwa nageuza samaki juani, nikasikia wanawake wanapiga yowe. Mama alikuwa ameingia kwa jirani, akamwinua mtoto mchanga aliyelala kwenye mkeka, akaingia naye ziwani. Nilimkuta maji yamemfika kifuani, amembeba mtoto juu, mtoto analia.

"Mama, nipe huyo mutoto!"

Akanijibu kwa hasira, "Weye ni nani? Hii mutoto ni yangu. Tunangojea mutumbwi, tunarudia kwetu."

Nilimnyang'anya kwa nguvu, Mungu anisamehe. Mtoto alipona. Jirani, mama wa mtoto, hajanisalimu tangu siku ile, wala simlaumu. Watu wakaanza kusema ni uchawi. Mzee wa kijiji akatuita, akasema kwa upole, "Binti yangu, mimi najua ni uzee. Lakini mtoto mwingine akiingizwa majini, sitaweza kuwazuia watu. Mtafutie mahali."

Kaka yangu anafanya kazi kwenye migodi ya shaba. Alipopata habari akaja, na akaona dawa ni kamba. Akamfunga mama mguu kwenye kitanda, tena kwa kitambaa chini ya kamba ili asichubuke. Mama akaitazama ile kamba, akamtazama mwanawe, akauliza taratibu, "Baba, nilikosa nini?" Kiswahili cha kaka ni kidogo, lakini hayo aliyaelewa. Alifungua kamba, akatoka nje, na kesho yake akaondoka bila kuaga mtu.

Ng'ambo kuna masista wenye nyumba ya wazee. Mume wangu akatuvusha, mimi na mama, tukaione. Sista mkubwa hakunificha kitu. "Wako wengine kama yeye," aliniambia. "Mlango wa ua tunaufunga, hatafika majini. Lakini ujue, akifa wakati ziwa limechafuka, tutamzika hapa bila kukungoja."

Wakati tunazungumza, mama alisogea kwa wanawake waliokuwa wakimenya mihogo. Mmoja akamtania, "We mama, unajua hii kazi ao unakuya kutuangalia tu?"

"Miye nilizaliwa na kisu mu mukono!" mama akajibu, na akacheka. Alicheka jamani! Akakaa chini, akamenya, wakaongea naye kama mwenzao. Sikumbuki lini nilisikia kicheko chake kabla ya hapo. Nikasema moyoni, basi, mahali pake ni hapa.

Nikainuka nimfuate mume wangu kwenye mtumbwi. Mama akaniona. Akatupa muhogo, akaja mbio, akashika nguo yangu kwa mikono miwili. "Mama, usiniache hapa. Nitakuwa mutoto muzuri."

Ananiita mimi mama. Sikuweza. Tulirudi naye.

Sasa mume wangu anasema tumvushe kabla ya mvua, maana sista hawezi kututunzia nafasi siku zote. Shangazi, dada yake baba, ananisimanga mbele za watu: "Amekulea mpaka ukawa mtu, leo unamtupa Kongo?" Na yeye hajawahi kukaa na mama hata siku moja.

Juzi asubuhi nilikuwa namchana nywele. Ghafla akageuka, akaniita kwa jina langu, akaniuliza kwa Kibemba, "Mwana wandi, naulya?" Mwanangu, umekula? Nikamjibu bado, tutakula pamoja. Akatabasamu. Kabla sijamaliza kumchana alikuwa ameshaondoka tena, ananiuliza mimi ni nani.

Nikitaka kumbakiza, namwona yule mtoto juu ya maji. Nikitaka kumpeleka, naogopa dakika kama ile ya juzi itamjia akiwa kule, aniite, na kusiwe na mtu wa kumwitikia.

Ninyi mliowahi kuwa na mzazi wa namna hii, mlijuaje kwamba wakati umefika? Nikimvusha, nitakuwa nimemtunza au nimemtupa? Niambieni, mimi nimeshindwa kuamua peke yangu.