Msichana Mwenye Vidole vya Majani

Dada wawili wajane, washonaji wa nguo, waliamua kuuza picha ya kale waliyorithi kwa shangazi yao. Ilichorwa kwa chaki za rangi: msichana anakimbia, vidole vyake vimekuwa majani, na kijana anamfukuza. Tangu utotoni walibishana juu yake. Mkubwa alisema ni mti unaogeuka mtu, mdogo akashikilia kuwa ni mtu anayegeuka mti.

Alipokuja mnunuzi, mwalimu mstaafu, mdogo hakuweza kujizuia. "Mwalimu, hebu tuamulie."

"Ni hadithi ya miungu ya kale, mama. Binti alimkataa huyo kijana, akaomba ageuzwe mti ili asishikwe."

Mdogo akapiga makofi. Mkubwa akasema, "Namwelewa. Yule mchumba wangu wa kwanza angenikimbiza hivyo, leo ningekuwa mpapai."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mwalimu naye. Akaondoka na picha yake ikiwa imefungwa kwa shuka, nao wakarudi kwenye cherehani.

"Sasa tutabishania nini, dada?"

"Wewe hukosi neno, mdogo wangu," alijibu mkubwa, akitunga uzi kwenye sindano huku bado akicheka.