Prosper alivyouawa na Nidhamu akawa shujaa, mimi nikabaki na wivu

Wakuu, poleni na majukumu.

Niseme mapema kabisa, hii si chai. Imenitokea mimi mwenyewe Moshi mjini, na wahusika wote wako hai. Inawezekana mmoja wao yuko humu ananisoma. Kama yupo, anisome vizuri.

Ni miaka ya mwanzo ya 2000. Nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Kwetu Kibosho asubuhi kazi ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, nikimaliza nashuka mjini kwa rafiki yangu Nadim.

Nadim tulisoma darasa moja. Kwao ni Wahindi wa Moshi, baba yake alikuwa na duka la vitenge karibu na soko. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na katikati ya marobota ya vitenge kulikuwa na TV ndogo na mashine ya gemu za CD.

Nyie mnaocheza kwenye simu mkiwa chooni hamuwezi kuelewa. Kijana mwenye ruhusa ya kuingia ile stoo alikuwa mtu mzito, na ruhusa hiyo nilikuwa nayo mimi tu.

Tatizo moja. Familia yao ilikuwa imeshapata makaratasi ya kuhamia Canada, wanaondoka kabla ya Pasaka. Mimi na Nadim tukakubaliana kwamba gemu letu lazima tulimalize wawili, kabla hajapanda ndege.

Kwangu lilikuwa jambo kubwa. Nilijua akifika kule atapata marafiki wapya wenye majina ya ajabu ajabu. Nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho ni cha mimi na yeye, ambacho hata akiwa mzee akikikumbuka ananikumbuka mimi.

Gemu lenyewe lilikuwa la mapanga, uchawi na mazimwi. Unatembea na kundi lako, unaua vidudu porini, unaongezeka nguvu, unahamia nchi nyingine. CD ilikuwa copy na maandishi yote Kijapani, kwa hiyo story tulikuwa tunaitunga wenyewe.

Tukafika kwenye daraja, tukamkuta bosi.

Dude lina pembe moja, tumbo kama pipa, na kabla ya kukupiga linanyoosha kidole. Tukalibatiza Nidhamu, maana mwalimu wetu wa nidhamu naye alikuwa anaanza na kidole kabla ya fimbo. Nidhamu akishanyoosha kidole, pigo linalofuata kundi zima linalala.

Sasa stoo ile ilikuwa na sheria. Pad ya kuchezea isiyoharibika ilikuwa moja tu. Ukifa, unampa mwenzako.

Mimi nikaleta ujanja wangu. Kidole kikinyooka tu, unawahi kubonyeza Reset, gemu linarudi nyuma kabla hujapigwa. Reset siyo kufa, kwa hiyo pad inabaki kwako. Nadim akaupenda huo ujanja, ikawa ndiyo staili yetu, na mtu anaachia pad akichoka mwenyewe.

Wiki zikapita hivyo. Narudi porini kuua vidudu mpaka kidole gumba kinaota sugu, nakuja na level mpya. Kidole. Reset. Nakuja na upanga mpya. Kidole. Reset. Mgao wa umeme nao ulikuwa unatu-reset wenyewe bila kuombwa.

Ndipo akaja Prosper.

Prosper ni mtu wa Tarakea, kule Rombo mpakani. Mama yake alikuwa akichukua vitenge vya jumla kwa baba yake Nadim, na siku hiyo alikuja na mwanawe kumsaidia kubeba. Mama bado anachagua mzigo, Nadim akamwita kijana aje akae ndani.

Nilichukia palepale. Mtu simjui, ananiambia "mambo mangi" kama Mchaga mwenzake wa siku zote, halafu anakalia robota langu! Kulikuwa na marobota kibao mle ndani, lakini yeye akaona lile.

Akatulia anaangalia. Nadim akaniambia, "Loisi, mpe na yeye ajaribu basi."

"Huyu hajui chochote, atatuharibia."

"Atatuharibia nini? Kwani wewe umeshamuua Nidhamu?"

Ananisema mbele ya mgeni. Nikampa pad, ila habari za Reset sikumwambia. Nilitaka afe upesi anirudishie.

Kumbe jamaa ana mkono mwepesi. Anapiga, anakwepa, anauliza "hii inafanya nini?" huku ameshaifanya. Nadim anacheka, anampiga mgongoni. Mimi nilikuwa naombea kidole kinyooke.

Kikanyooka. Na wakati huohuo bibi yake Nadim akaingia stoo.

Bibi huyu nyumba nzima ilikuwa ikimwita Ma. Mzaliwa wa Moshi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wenu humu. Sisi tulizoea kumwamkia macho yakiwa kwenye TV, "shikamoo Ma", naye anaitikia akiwa ameshatupita.

Prosper aliweka pad juu ya robota. Akasimama. Akatoa mikono yote miwili.

"Reset! Reset!" Nadim anapiga kelele.

"Shikamoo bibi," Prosper anasema.

"Marahaba mwanangu. Mtoto wa nani wewe?"

"Mama yangu yuko hapo nje anachagua vitenge, tumetoka Tarakea."

"Ahaa! Huko mvua zimenyesha?"

Basi wanaongea mvua, na huku nyuma Nidhamu anafyeka kundi letu lote. Screen ikawa nyeusi. Nikashukuru Mungu, nikanyoosha mkono kuchukua pad yangu.

Halafu muziki ukaanza. Muziki ambao hatujawahi kuusikia.

Shujaa wetu akafumbua macho ndani ya kibanda, kuna bibi kizee anamnywesha kitu kwenye bakuli, mimi niliona kabisa ni mtori, supu yetu ya ndizi. Akainuka, akafungua mlango, na nje kuna nchi mpya nzima, ina milima na meli zinaruka angani.

Wakuu, mmeelewa? Nidhamu hakutengenezwa auawe. Ilikuwa lazima akupige, uanguke, ndipo hadithi iendelee. Na sisi tulikuwa tunakimbia kufa, kwa sheria niliyoitunga mimi.

Nadim aliruka akamkumbatia Prosper. Prosper mwenyewe haelewi kitu, bado anamweleza Ma habari za mahindi.

Nilimwonea wivu. Sitafuti neno zuri, ulikuwa ni wivu. Jasho langu lote la porini, halafu mtu anakuja kufa kwa adabu siku ya kwanza na kufungua dunia!

Nikasema, "Amekufa. Sheria ni sheria, lete pad."

Wakanipa bila ubishi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikawa nacheza nchi mpya peke yangu, nyuma yangu wawili wanasimuliana upya, "yaani ulivyosimama!", "na wewe ulivyopiga kelele!" Nikigeuka, hakuna aliyekuwa anaangalia TV.

Tangu hapo Prosper akawa anakuja kila mama yake akishuka mjini. Ma akawa analeta chapati za moto, anasema hizi ni za yule kijana mwenye heshima, na nyie wengine mle. Mimi wa kuja kila siku nikawa "wengine".

Bosi wa mwisho nilimuua mimi. Naomba hili liandikwe mahali. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla hawajaondoka, nusu ya duka limeshafungwa kwenye maboksi, tuko mimi na Nadim tu, kama tulivyokubaliana. Bosi akaanguka, majina ya Wajapani yakaanza kupanda kwenye screen.

Nadim akasema, "Safi sana Loisi." Halafu akaongeza, "Prosper angekuwepo, angefurahi."

Basi, wakaondoka.

Mwaka jana Nadim akaja kutembea. Ana kipara siku hizi. Alikuja na binti yake wa shule ya msingi, tukakutana mgahawani mjini. Simu ya Nadim ikaita, akatoka nje kuongea, tukabaki mimi na mtoto.

Mtoto akanitazama weee, halafu kwa Kiswahili chake alichojifunzia mezani kwao akauliza, "Wewe ndiye uncle Prosper? Yule wa shikamoo?"

Nikasema ndiyo.

Msiniulize kwa nini. Ilitoka yenyewe. Akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha. Mzee mzima nikaweka kikombe chini, nikasimama katikati ya mgahawa, nikatoa mikono miwili, "Shikamoo bibi." Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kugeuka, Nadim yuko mlangoni.

Akaja akakaa, akamwambia binti yake, "Huyu siyo Prosper. Huyu ni Loisi."

Mtoto akauliza, "Loisi ni nani?"

Nadim akasema, "Ndiye aliyempa Prosper pad."

Funzo ninalo, ila silipendi. Watu hawakukumbuki kwa ulichokitolea jasho, wanakukumbuka kwa siku waliyocheka na wewe. Nimelielewa, na wivu bado ninao.

Na wewe Prosper, nasikia una duka la jumla Rombo na watoto wako wanaamkia watu vizuri. Hongera.

Wengine, nani amehangaika na bosi wa gemu, halafu mwenzake akafa mara moja tu akavuna sifa? Shusheni ya kwenu hapo chini, na wa kunicheka ajitambulishe kwanza.